Kuuliza mabati yetu yako wapi ni uasi wa Kora?

Mama Mbuta (Kisumu)

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanirushia mawe. Naandika nikiwa nyuma ya karai la mafuta, wateja wananikatiza, kwa hiyo mkiona nimeruka jambo mjue kuna mtu alitaka kichwa cha mbuta.

Mimi nauza samaki Nyalenda. Asubuhi nashuka Dunga kununua, jioni nakaanga kando ya barabara. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo mimi ni mweka hazina, huu ni mwaka wa sita. Walinichagua kwa sababu moja tu: mchuuzi wa samaki akipoteza shilingi kumi halali mpaka aione.

Kigango chetu, yaani kanisa dogo chini ya parokia, kina paa la jina tu. Mvua ikinyesha wakati wa Misa, watoto wa altare wanasogeza mishumaa na sisi tunasogeza watoto wetu. Basi tukachanga. Miaka miwili, familia 31, hamsini hamsini, mia mia. Bibi mmoja mjane alileta kuku, tukampiga mnada pale pale akatoka kwa 700. Tukanunua mabati 96, geji 30, risiti ninayo mpaka leo kwenye Biblia. Tukayapanga nyuma ya kanisa na kuyafunika turubai.

Mwezi wa nane, Jumamosi, pikapu ikaja ikayabeba yote. Mlinzi akasema ni agizo la paroko, Padri wetu. Jumapili likasomwa tangazo la sentensi moja, kwamba mabati "yamepelekwa panapohitajika zaidi", halafu yakafuata matangazo ya ndoa. Ndiyo habari yote tuliyopewa.

Tukaandika barua, sahihi tisa. Wiki tatu kimya. Jumapili ya nne Padri hakuhubiri Injili ya siku hiyo. Akafungua Hesabu sura ya 16: Kora, Dathani, Abiramu walivyomwasi Musa, ardhi ikafunua kinywa ikawameza na mahema yao. Akamalizia na Samweli, kuasi ni kama dhambi ya uchawi. Hakutaja mtu, lakini shingo zote ziligeukia benchi letu. Mimi mchawi! Mimi ambaye bundi akilia nafunga dirisha.

Sasa mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee, polisi mstaafu, mtu anayeheshimiwa, ametoa shauri. Zaka tusipeleke. Pesa ya jumuiya, 4,350, ikae kwangu. Na Jumapili badala ya Misa tusali Rozari kwake nyumbani mpaka "huyo" ahamishwe. Wengi wameitikia. Wananingoja mimi kwa sababu pesa ziko kwenye simu yangu.

Nina jambo lingine, na hili linanitia aibu. Juzi Padri alipita hapa kwangu kwa miguu, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu, mama." Nilimsikia vizuri sana. Nikainama nikajifanya nahesabu samaki wangu, ngege. Akasimama kidogo, akaenda zake. Na niwaambie ukweli, ilikuwa tamu. Utamu wake ulinikaa mdomoni hadi usiku. Nilipopiga magoti nikafika "utusamehe makosa yetu", nikakwama hapo kama gari kwenye matope.

Bibi yangu mzaa mama aliwafuata waliotoka Kanisa Katoliki na Simeo Ondeto kwenda kanisa la Legio Maria miaka ya sitini. Siwatukani, ni damu yangu, na mazishi yetu hadi leo yana watu wa makanisa mawili wanaopishana kwa nyimbo. Lakini mama alikuwa akisimulia ile siku bibi alipotoka, na hakuwahi kuimaliza bila kunyamaza katikati.

Kwa hiyo nauliza, hasa wenzangu Wakatoliki mliosoma Maandiko: kuuliza na kuasi vinaachana wapi? Nikinyamaza ni unyenyekevu au ni woga? Na nikizuia hiyo 4,350 mimi ni nani katika hadithi ya Kora?

Kijana wa Kondele

Pole Mama. Mimi ningehamia parokia nyingine, stori iishe. Kisumu ina parokia kibao, matatu ni hamsini. Hiyo pesa wagawie wenyewe.

Fundi Katekista (upande wa Mukumu, Kakamega)

Shemeji, mke wangu ni wa Seme kwa hiyo hilo jina usinikatalie. Nimekuwa katekista miaka 33, na mkate wangu ni bati: masanduku ya wanafunzi, majiko, mabomba ya kukinga maji ya mvua. Kwa hiyo ulipotaja mabati na Kora kwa pumzi moja niliweka nyundo chini.

Nianze na Samweli, maana hilo neno la uchawi limerushwa vibaya na linakuuma bure. Ni 1 Samweli 15. Soma aliambiwa nani. Aliambiwa Sauli, mfalme. Mungu alimpa agizo kuhusu Waamaleki, yeye akaacha hai kondoo wanono na Agagi mfalme wao, akajijengea na ukumbusho huko Karmeli, kisha akaja na uso mkavu kusema nimetimiza. Samweli akamuuliza, basi hiki kilio cha kondoo masikioni mwangu ni nini? Sauli akasema ni watu. Watu ndio waliowaacha. Mwenye taji anasukumia lawama wasio na taji! Hapo ndipo likatoka neno kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu na kuasi ni kama uchawi. Limeelekezwa juu, kwa mwenye fimbo. Linaweza kumshukia yeyote, hata wewe na mimi, lakini anayelitumia akiwa ameshika fimbo ajisikilize kwanza kama nyuma yake hakuna kondoo anayelia.

Tena rudi nyuma sura tatu tu, 1 Samweli 12. Huyo huyo Samweli, mzee wa mvi, anasimama mbele ya Israeli wote na kuuliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Ni nani niliyemdhulumu? Wakamjibu, hukuchukua cha mtu. Ndiyo kusema alifungua daftari kabla hajakemea. Na Musa? Katika hiyo hiyo Hesabu 16, aya ya 15, akiwa amekasirika hasa, anamwambia Mungu kwamba hakuchukua hata punda mmoja wao. Mara mbili punda. Mimi huwaambia wanafunzi wangu, Biblia ina hesabu ya punda kabla ya hukumu. Kwa hiyo kuuliza bati liko wapi si Kora.

Sasa geuka, shemeji, nikuambie na upande wa pili, na huu nimeulipia.

Kora alikuwa na hoja nzuri. Alisema mkutano wote ni mtakatifu. Ni kweli! Mungu mwenyewe aliwaita ufalme wa makuhani katika Kutoka 19, na Petro akalirudia kwa ajili yetu. Tena Kora hakuwa mtu wa kutupwa, alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi, wale waliobeba vyombo vitakatifu mabegani. Kazi alikuwa nayo. Musa anamuuliza, hilo ni dogo kwenu, hata ukuhani nao mnautaka? Neno lilikuwa la kweli, mdomo ulikuwa na njaa nyingine. Na Dathani na Abiramu, Musa aliwatumia watu wawaite waje waongee. Walijibu neno moja: "Hatuji." Mimi naona ardhi ilianza kupasuka hapo, kabla ya kupasuka kwa macho.

Miaka mingi iliyopita alikuja kwetu padri kijana. Akanitoa kwenye darasa la Kipaimara, akampa dada mmoja aliyetoka chuo na cheti chake. Sikuitwa, nilisikia kwenye matangazo kama wewe ulivyosikia ya mabati. Kabati la vitabu na rejista ya wanafunzi lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa wangu. Nikautia mfukoni nikaenda nyumbani, wiki tatu. Kila aliyekuja kuuomba nilimwambia, mwambie aje mwenyewe. Nilikuwa na haki, kijiji kizima kilisema nina haki. Na watoto 14 majina yao hayakufika kwa wakati. Mmoja alingoja mwaka mzima, siku hizi ni mwalimu, tukikutana ananiita baba katekista na mimi naangalia viatu vyake. Ufunguo ulikuwa mdogo, shemeji, kama hiyo 4,350 yako. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa Kora.

Kiswahili chetu hapa kina akili. Mtoto mkaidi hatusemi amekataa, tunasema hasikii. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hata hilo la Samweli ni "kusikia kuliko mafuta ya beberu". Katekisimu namba 144 inasema jambo hilo hilo kwa Kilatini, kwamba kutii kunatoka kwenye kusikiliza. Wewe siku ile ya ngege ulimsikia, ukajifanya husikii. Usiku ule ulikwama penyewe.

Kuna vitu viwili katika sura ile ambavyo mahubiri huviruka. Moto ulipowala wale watu 250 waliomfuata Kora, vyetezo vyao vya shaba, vile vya kufukizia uvumba, vilibaki. Mungu hakusema vitupwe. Alisema vifuliwe viwe mabamba ya kufunika madhabahu, kwa kuwa vimekuwa vitakatifu. Mimi kama fundi huwa nasimama hapo. Eleazari kuhani anakusanya shaba ya waasi kutoka kwenye majivu, inapigwa nyundo, inakuwa kifuniko cha altare. Kelele za nyundo ile nazisikia kabisa. Na kesho yake watu wakanung'unika tena, pigo likaanza, na Haruni, yule waliyekuwa wakimtukana, akachukua chetezo akakimbia, mzee wa miaka ile, akasimama katikati ya waliokufa na walio hai. Walikuwa wamekwisha kufa 14,700. Huyo ndiye kuhani, anakimbia kuelekea waliomtukana. Padri wako angemalizia hapo, benchi lenu lingelia.

Na Kora watoto wake hawakufa, Hesabu 26 imeandika. Wazao wao wakawa waimbaji na mabawabu wa hekalu. Zaburi ya 84 imeandikwa jina lao, na ndani yake mtu anasema angependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu. Hema! Babu yao alikuwa na hema, wote tunajua iliishia wapi.

Nenda kwa Padri, usiende peke yako wala usiende na umati. Peleka zaka. Misa usikose. Halafu uliza punda.

Mwana wa Lanet (Nakuru)

Katekista umeandika vizuri lakini umemlainishia sana mwenye kosa. Sisi walei wa Kenya tumefundishwa kuinama mpaka mgongo umesahau kunyooka. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, Wagalatia 2, na hakuomba miadi. Nathani alimwingilia Daudi ikulu na hadithi ya mwana-kondoo kisha akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Hapa Nakuru tulikuwa na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, 1971 hadi 1996. Wakati wa mapigano ya kikabila mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakubwa wengine walipokuwa wakitafuna maneno, yeye alisema wazi. Baba yangu alikuwa akitembea kutoka Lanet kwenda kumsikiliza. Mitume nao: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mama, weka hiyo zaka mpaka jibu lipatikane. Lugha ya pesa inasikika haraka kuliko barua.

Fundi Katekista

Mwana wa Lanet, Ndingi nakupa, na nakuongezea kiti. Ila angalia, mitume wa Matendo 5 walikatazwa kumhubiri Yesu. Mama Mbuta hajakatazwa kusali wala hajaagizwa atende dhambi. Amenyimwa hesabu. Ni uonevu, ndiyo, lakini si amri ya kumkana Mungu, tusilipime kwa mizani ile. Na Paulo umesoma nusu. Sura moja nyuma anasema alipanda Yerusalemu akakaa na Petro siku 15. Aliyemkemea alikuwa amekula naye. Na baada ya kumkemea hakufungua Antiokia yake ya pili kando.

Mwana wa Lanet (Nakuru)

Siku 15 sikuwa nazijua. Ya zaka bado sijakubali.

Sista asiye na haraka

Mama Mbuta, nilifanya kazi ofisi ya hesabu ya shirika letu miaka 11. Mimi si mwanasheria, lakini kuna vifungu tulivyokuwa tukivipitia mara kwa mara na nadhani vinakuhusu. Viandike nyuma ya risiti yako. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1267, sehemu ya 3: sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni 537: kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Hilo ni sharti, si hiari ya paroko. Kanuni 1287 inataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya vitu ambavyo waamini wametoa, kwa taratibu za jimbo. Na 212 inasema mlei ana haki, na mara nyingine wajibu, kuwaeleza wachungaji maoni yake kwa heshima. Kwa hiyo ukiuliza hutoki nje ya Kanisa. Umesimama ndani yake kabisa, kwenye sakafu yake.

Lakini kanuni 222 nayo inasema waamini wanawajibika kulisaidia Kanisa kwa mahitaji yake, na 1247 ni Misa ya Jumapili. Mzee mwenyekiti hawezi kushika vifungu vinne akaachia viwili. Na hiyo Rozari ya Jumapili saa ya Misa, Mama Maria mwenyewe angewauliza mbona hamko kwa Mwanangu.

Uliuliza kama kunyamaza ni unyenyekevu. Fungua Luka sura ya kwanza, kuna maswali mawili kwa malaika mmoja. Zakaria anauliza, nitajuaje neno hilo? Akawa bubu mpaka siku mtoto alipopewa jina. Maria anauliza, litakuwaje neno hili? Akajibiwa kwa upole. Nilipokuwa mnovisi, bado najifunza utawa, hili lilinisumbua nikaona Zakaria ameonewa. Siku moja sista mzee, tukiwa tunachambua maharagwe, akaniambia: Zakaria aliomba uthibitisho ili aamini, Maria aliomba kuonyeshwa njia ili atii. Kwa hiyo ukienda kwa Padri, kabla hujabisha hodi, jiulize umebeba swali la nani kati ya hao wawili. Unaweza kutumia maneno yale yale na likawa swali tofauti.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Dunga: Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alisema fundo la uasi wa Eva lilifunguliwa na utii wa Maria. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulilirudia katika Lumen Gentium namba 56. Waulize wavuvi wako, fundo la wavu mtu hulifunguaje? Anaurudisha uzi njia ile ile uliyopita wakati wa kufunga. Kisu ni haraka zaidi lakini wavu unabaki na tundu. Bibi yako na mama yako wanajua hilo tundu.

Nimalizie na Mary MacKillop wa Australia, maana wanawake waliodhulumiwa na wakubwa wa Kanisa hupenda kumsikia. Askofu wake alimtenga na Kanisa mwaka 1871, bila haki. Hakumtukana wala hakuanzisha kanisa lake. Mwaka uliofuata askofu aliiondoa adhabu hiyo, akiwa mgonjwa karibu na kufa. Mwaka 2010 mwanamke huyo alitangazwa mtakatifu. Ile miezi ya katikati huwa naifikiria. Ametengwa, na bado hasemi neno baya.

Kijana wa Kondele

Sista hii ya Zakaria imenimaliza. Naondoa ile ya matatu hamsini.

Mama Mbuta (Kisumu)

Nimerudi. Wiki mbili zimepita na mafuta yamepanda bei, lakini hilo ni la jukwaa lingine.

Nilimpigia mwenyekiti kwanza nikamwomba aniongoze, yeye ndiye mkubwa wetu. Akasema, "Mimi siji. Aje yeye." Shemeji Katekista, nywele zilinisimama. Sikumwambia lolote kuhusu Dathani, ni mzee wangu. Nikaenda na katibu wetu na yule bibi wa kuku. Nilibeba ngege wawili wa kukaanga, na njia nzima nilikuwa najiuliza kama ni heshima au ni hongo. Bibi akasema, mpe kwanza, utajua kwa vile atakavyopokea.

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba ya mapadri anapiga viatu rangi. Nilikuwa nimepanga kuanza na kanuni 1267, nimeikariri. Lakini mdomo ukaanza kwingine. Nikamwambia, "Padri, siku ile uliponisalimia nilikusikia." Akasema, "Nilijua, mama. Ngege walikuwa wanne na ulikuwa bado unawahesabu." Bibi akacheka mpaka akakohoa, na mimi machozi yakanitoka, sijui ya nini.

Akaleta daftari. Mabati 60 yalikwenda kwa kigango kimoja upande wa Nyando ambacho upepo uling'oa paa lote mwezi wa saba, na walikuwa na mazishi wiki ile. Mabati 36 yako stoo ya parokia. Anasema 60 yatarudi kwa pesa ya mavuno ya Novemba. Nikamuuliza, mbona hukutuambia? Mimi mwenyewe ningewaambia jumuiya wape wale watu wa Nyando hata 70. Akanyamaza. Akasema kuna mtu alimwambia barua yetu imeandikwa na watu wanaotaka ahamishwe. Kuhusu yale mahubiri hakuomba msamaha, na mimi sikumdai. Lakini nilimwambia uchawi uliniuma. Akainamisha kichwa. Katibu akauliza kuhusu halmashauri ya fedha kwa sauti ya chini sana, nusura asisikike. Kumbe haijakaa tangu Pasaka. Imepangwa Jumanne, na mimi nimeitwa niende na risiti.

Zaka nimepeleka, nina stakabadhi. Mwana wa Lanet, usinikasirikie. Hiyo 4,350 nimewarudishia jumuiya waamue wenyewe mbele ya wote, simu yangu sasa ni ya samaki tu. Jumapili tulikuwa kwa Misa familia 19. Wengine walikuwa kwa mwenyekiti na Rozari. Nitapita kwake Alhamisi na ngege, nimsikilize naye, sijui atasema nini.

Ila kuna jambo. Kabla hatujaondoka nilimwomba Padri anifungulie stoo niyaone mabati kwa macho. Akafungua. Nikayahesabu, bibi akayahesabu, nikarudia. Ni 35.

Jumanne nitaliuliza. Naendelea kujiuliza ni swali la Maria au la Zakaria.

Fundi Katekista

Shemeji, geji 30 hushikana yakikaa kwa unyevu. Yapitishe kidole ukingoni kabla hujauliza.

Mama Mbuta (Kisumu)

Nilipitisha.